Kidumu cha Mtakatifu Rosa

2 Juni

Muuguzi Amparo amenipa daftari hili na kuniambia, "Rominka, wewe umesoma hadi darasa la sita. Andika kila siku mumeo anakula nini na anakunywa nini. Usimfichie." Kipimo cha sukari cha Lol leo kimesoma 340. Muuguzi anasema mtu mzima asiye mgonjwa, kabla hajala kitu, hata mia hafikishi.

Akamuuliza Lol anakunywa soda ngapi. Lol akaanza kuikagua kofia yake. Atahesabuje? Mwaka huu yeye ndiye mtunzaji wa Mtakatifu Rosa. Kila baada ya siku ishirini tunabadilisha maua ya madhabahu, na siku hiyo soda inazunguka tangu alfajiri mpaka jua linazama. Zamani ilikuwa gongo ya miwa. Wanawake walipochoka kuokota waume zao mitaroni, wazee wakaingiza soda, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Mpimaji anamimina, anaanza na mkubwa, anamalizia na mdogo. Ukinyooshewa kikombe husemi hapana. Kusema hapana ni kumtukana aliyekileta pamoja na sala yake.

"Basi mwambie mtakatifu wako kwamba figo zinakufa," Muuguzi akasema. Anatoka pwani, mdomo wake hauna breki.

Njiani Lol akaniambia, "Nimengoja zamu hii miaka kumi na minane. Siirudishi kwa sababu ya kidole kilichotobolewa."

Nikamkumbuka marehemu baba. Enzi za gongo, asiyetaka kulewa alikwenda kwenye ibada na kidumu begani, faneli mdomoni mwake. Unapokea kikombe, unainama, unagusisha midomo, kinachobaki unakimimina kidumuni. Hakuna aliyeudhika, na mtu anarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Kwa nini isiwe hivyo kwa soda?

"Kwa soda?" Lol akasema. "Watanicheka mpaka meno yawadondoke."

"Meno yao yalishadondoka zamani, Baba Petul."

Akacheka mwenyewe. Kesho nitaosha kidumu.

3 Juni

Mvua. Lol: maharage, chapati za mahindi sita, kahawa bila sukari. Ameinywa huku akinikazia macho kana kwamba nimemwibia kitu.

5 Juni

Tuko watatu humu ndani. Wanetu, Petul na mdogo wake, wako kaskazini wanavuna nyanya, kwa hiyo ni mimi, Lol, na mama yake, Mama Katal. Miaka ishirini na miwili nimeishi naye chini ya paa moja na sijawahi kutengeneza chapati iliyo mviringo machoni pake. Leo ameishika moja juu ya mwanga, akaigeuza, akauliza, "Hii ulitaka iwe mnyama gani?"

8 Juni

Siku ya maua. Lol amerudi na kidumu kimejaa, lita nne kamili. Midomo yake ilikuwa mikavu na macho yake meupe, sijamwona hivyo siku ya maua tangu Januari.

Swali likawa: tuipeleke wapi? Kumwaga haiwezekani. Imeombewa mbele ya Mtakatifu Rosa, imefukizwa ubani, imepita mikononi mwa wazee. Tukakitazama kidumu mezani kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini.

"Nipeni mimi," Mama akasema. "Imeshatoka gesi. Hiyo haina nguvu tena, ni maji ya rangi."

Hivyo ndivyo tujuavyo wote huku. Kinachochoma tumbo ni gesi. Kinachokufanya ubeue na kutoa mabaya yaliyokukaa kifuani ni gesi. Gesi ikishaondoka, hata mtoto mchanga anaweza kupewa. Nikammiminia kikombe, akanywa, akafuta mdomo kwa ncha ya shali, akaomba cha pili.

Nimejiona mwerevu leo. Mume amepumzika, mtakatifu hajatukanwa, Mama amekula bila kuitaja chapati.

15 Juni

Palizi. Matope mpaka magotini. Lol: maharage, mboga, chapati tano.

28 Juni

Maua tena. Walimcheka Lol kweli kweli. Mateo mpiga kinubi alimuuliza mbele ya watu wote, "Hicho kidumu unampelekea nani, Lol? Umeoa wa pili?"

Lol akajibu, "Nampelekea mama yangu."

Kicheko kikakatika. Mzee wa kwanza akavua kofia. Tangu hapo mpimaji akawa anamwongezea kila mzunguko, "Na hii ya Mama Katal." Hata kikombe changu, maana mke wa mtunzaji naye hupewa, nilikimimina humo humo. Tumerudi na vidumu viwili, cha pili tumeazima.

2 Julai

Mama ana vikombe vyake vitatu: asubuhi, mchana, jioni. Hajanisema tangu Jumapili. Anakaa mlangoni na ufumaji wake, anaimba wimbo wa kuchunga kondoo ambao sikujua anaujua. Mimi napika bila kutazama nyuma. Sikujua kwamba nyumba yetu inaweza kuwa na utulivu kama huu, na nakiri naupenda.

9 Julai

Zahanati. Kipimo cha Lol: 180. Muuguzi Amparo amemkumbatia, Lol hajui aweke wapi mikono yake. Amenisifu mimi na daftari. Kisha akasema, "Nisomee kidogo."

Nikasoma ya Lol tu. Nilipofika penye Mama niliruka, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuuliza. Nilipofunga daftari nikamuuliza kama mtu anayeulizia habari za mvua, "Soda ikishatoka gesi, inabaki na madhara gani?"

Alinitazama. Akachukua chupa aliyokuwa amemnyang'anya mgonjwa asubuhi, akamimina yote katika sufuria ndogo, akawasha jiko. Tukasimama pale. Ilichemka, ikapanda povu, ikashuka, ikapungua, ikapungua tena. Mwishoni chini ya sufuria palibaki kitu cheusi kinene kinachonata. Akakichota kwa kijiko, kikavutika kama gundi.

"Gesi imeondoka," akasema. "Maji nayo yameondoka. Hiki ndicho kinachobaki ndani ya mtu. Hiki ndicho kinachoharibu mishipa, macho, figo, miguu. Gesi haijawahi kumkata mtu mguu, Rominka."

Kisha akauliza, "Nani anakunywa iliyotoka gesi?"

"Hakuna," nikasema.

10 Julai

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeamua kusema asubuhi. Nimeamka, nimewasha moto, nimepanga maneno. Mama akatoka chumbani kwake, akakaa, akanyoosha mkono na kusema, "Binti yangu, nipe kikombe changu."

Binti yangu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa "wewe" na "huyo" na "mke wa Lol." Mkono wangu ukamimina.

Najua nilichokifanya. Naandika hapa ili nisije nikasema sikujua.

11 Julai

Nimefikiria hivi: nikisema, Lol ataacha kumimina na kuanza tena kunywa, maana hatakubali kumwaga chini kilichoombewa. Nitampoteza mume ili nimwokoe mama mkwe. Ni sababu nzuri. Nimeirudia moyoni mara nyingi leo nikisaga mahindi, na kila nikiirudia inazidi kunukia uongo. Sababu yenyewe ni ile "binti yangu."

18 Julai

Maua. Vidumu viwili. Nimempa.

19 Julai

Nimempa.

23 Julai

Mama anakwenda haja ndogo kila mara, hata katikati ya mvua. Amechimba njia yake mwenyewe nyuma ya banda la kuku. Leo nilipita pale. Sisimizi mstari mrefu, kama kuna mtu kamwaga asali. Nikaufunika mstari kwa majivu, nikajiambia ni msimu wao.

7 Agosti

Maua. Safari hii nilipiga moyo konde: nikachanganya nusu maji nusu soda kabla ya kumpa. Akaonja, akatema sakafuni.

"Umeanza kunifanyia nini wewe?"

Nimerudi kuwa "wewe," kirahisi hivyo. Akamwita Lol. "Mwanangu, watu wanamletea mama yako heshima na huyu anaitia maji ya mtaroni!"

Lol akanigeukia. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. "Mpe Mama haki yake," akasema.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Wote wawili walikuwa wananitazama. Lakini nikisema "inamdhuru," atauliza "umejuaje?" Na nikisema nimejuaje, atauliza "tangu lini?" Ni hilo la tatu lililonifunga mdomo. Nikamwaga ile ya maji, nikamjazia nyingine. Aliponirudishia kikombe alisema asante.

14 Agosti

Mabuti mapya ya mpira ambayo Lol alimnunulia mama yake yamemchubua kisigino cha kulia. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi. Nimemwambia lazima kinauma. Ameshangaa: "Kidonda kipi?"

17 Agosti

Kimekuwa kama sarafu. Hasikii kitu. Nimekiosha kwa chumvi.

20 Agosti

Mama anasema ni woga. Juma la kwanza la Julai aliteleza kwenye njia ya kisimani, akashtuka, na roho yake ikabaki pale kwenye matope. Mwili usio na roho haufungi kidonda. Lol akamleta Bibi Tumina, mganga wetu, ambaye alimtoa Petul kwenye homa alipokuwa na miaka mitatu. Siwezi kumsema vibaya. Alimshika Mama kifundo cha mkono, akasikiliza damu muda mrefu, akasema damu inazunguka kwa uzito.

Aliagiza mishumaa ya rangi tatu, kuku jike, majani ya msonobari ya kutandika, na soda sita, mbichi, zenye gesi yote. Mgonjwa anywe zote mbele ya mishumaa, abeue, mabaya yatoke.

Mimi ndiye niliyetandaza majani. Mimi ndiye niliyefungua chupa. Bibi Tumina aliimba, sauti yake ilikuwa nzuri kama siku zote, mishumaa ikainama na kusimama. Mama akanywa ya kwanza, akabeua, wote tukasema asante. Akanywa ya pili. Ya tatu ilimlemea, nikamshikia chupa. Nilimshikia mdomoni! Nilikuwa nakiona kile kitu cheusi kikivutika kwenye kijiko cha Muuguzi, na bado nilikuwa nainua chupa taratibu ili isimmwagikie shingoni.

Kwenye ya tano akasema, "Nimeshiba, Bibi."

"Bado kidogo, dada yangu. Roho iko njiani," Bibi Tumina akasema. Alisema kwa upendo. Kati ya watu wote mle ndani, mimi peke yangu ndiye niliyejua, na nilinyamaza kuliko kuku aliyekatwa shingo.

21 Agosti

Mama amelala mchana kutwa. Ameamka kuomba maji, maji, maji.

25 Agosti

Kidonda kinanuka. Nimemwambia Lol tumpeleke mjini Jobel, hospitali. Akasema sikukuu ya mtakatifu iko mlangoni, wageni mia wanakuja kwetu, nani atapika? Tukimaliza tu tutampeleka. Ningeweza kumlazimisha. Ilikuwa neno moja tu kutoka kwangu. Nikaenda kuloweka maharage.

27 Agosti

Maua. Wageni wamelala hata jikoni.

30 Agosti

Sikukuu. Fataki, kinubi, kreti zimepangwa mpaka dirishani. Watu wanapita chumbani kwa Mama mmoja mmoja kumsalimia, kila mmoja na chupa mkononi. Zimepangwa sakafuni kando ya kitanda chake kama maua ya msibani. Hawezi kuvaa kiatu. Nimefunga mguu kwa kitambaa kilichotiwa majani ya mnanaa ili wageni wasisikie harufu.

2 Septemba

Tumempeleka Jobel. Lol alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Daktari ni kijana mwenye viatu vyeupe, hajui lugha yetu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Mama. Alifungua kitambaa akarudi nyuma hatua moja. Kipimo kilikuwa 520. Akaanza kuuliza. Ana miaka mingapi? Anaona vizuri? Ana ganzi? Nilitafsiri kwenda, nikatafsiri kurudi. Kisha akauliza, "Kwa kawaida anakunywa nini?"

Nikamgeukia Mama. "Anauliza kwa kawaida unakunywa nini."

Mama alijiinua kwa kiwiko. Alikuwa na homa lakini aliweka shali yake sawa kwanza. "Mwambie nakunywa anachonipa mke wa mwanangu," akasema kwa fahari. "Kila siku, mara tatu. Ya Mtakatifu Rosa. Mwambie wako mama wakwe wangapi wanaotunzwa hivyo."

Daktari alikuwa amenyanyua kalamu anasubiri. Lol alikuwa amesimama mlangoni, haielewi lugha ya daktari.

"Anasema maji," nikasema.

Daktari akaandika maji.

4 Septemba

Wamesema watakata juu ya goti. Wamesema mguu ule ulishakufa tangu wiki iliyopita. Wiki iliyopita nilikuwa napika maharage ya wageni.

5 Septemba

Wamekata.

14 Septemba

Tumerudi nyumbani. Daktari ametoa sindano na karatasi, nikamsomea Lol: chochote kitamu, marufuku. Lol akasema, "Mama hanywi soda. Anakunywa ile iliyotoka gesi."

"Ni ileile, Baba Petul. Gesi inatoka, sukari inabaki."

"Nani kasema?"

"Hospitali," nikasema. "Nimeambiwa hospitali."

Alikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Nilidhani ameteleza. Kumbe analia. Sijamwona Lol akilia tangu kaburini kwa baba yake. "Mimi ndiye niliyebeba," akasema. "Kila siku ishirini nilimbebea mama yangu begani. Watu wakanivulia kofia."

Nilimshika bega. Nilimwacha aamini hivyo, na hili nalo ni langu.

16 Septemba

Maua. Lol ameenda bila kidumu. Amesema atainua kikombe mpaka midomoni na kukirudisha, watakaochukia wachukie. Hakula aliporudi.

22 Septemba

Lol: kahawa. Basi.

26 Septemba

Lol: chapati moja. Analala sakafuni karibu na kitanda cha mama yake. Mama anamwambia, "Inuka mwanangu, hukujua." Anajibu, "Ningeuliza." Na mimi niko hapohapo nakunja nguo.

1 Oktoba

Mvua haijakatika siku nne. Lol amesema siku ya maua, tarehe sita, ataenda mbele ya wazee na kurudisha fimbo ya utunzaji aliyokabidhiwa kabla mwaka haujaisha. Hafai kumtunza mtakatifu mtu aliyemlemaza mama yake. Hakuna aliyewahi kurudisha fimbo. Atatajwa hivyo mpaka kwa wajukuu.

Nikasema, "Usifanye hivyo." Akaniuliza kwa nini. Nikasema moto unazimika, nikaenda kuuchochea.

5 Oktoba

Huku kwetu msamaha hauombwi kwa mdomo mtupu. Unapeleka chupa, unapiga magoti, unasema kosa lako, unainua kikombe. Aliyekosewa akipokea na kunywa, jambo limekwisha, hata kama ni jambo la damu. Asipokunywa, bado lipo kati yenu.

Leo asubuhi nilikwenda dukani. Nilishika chupa ya soda. Nilisimama nayo pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikairudisha kwenye rafu. Nikaja nyumbani, nikachemsha maji, nikayaacha yapoe, nikamimina katika kikombe cheupe.

Nilipiga magoti mbele ya kitanda cha Mama. Lol alikuwa kwenye benchi. Nikasema yote. Sufuria ya Muuguzi. Nani anakunywa, hakuna. Soda sita za Bibi Tumina nilizozishika kwa mkono huu. Anasema maji. Hospitali hawakuniambia kitu. Nilikuwa nimejua tayari.

"Tangu lini?" Lol akauliza.

"Tangu tarehe tisa Julai."

Alihesabu kwa vidole kama mtoto. Julai, Agosti, Septemba. "Na ukaniacha nilie," akasema.

"Ndiyo."

"Ukanishika bega."

"Ndiyo."

Akatoka nje kwenye mvua bila kofia.

Nilikuwa bado nimeinua kikombe. Mikono ilianza kuuma. Mama alikitazama.

"Maji," akasema. "Umeniletea maji."

"Siwezi kukuletea kile kingine, Mama."

Akageukia ukutani.

6 Oktoba

Lol ameenda kwenye maua akiwa na fimbo, na amerudi nayo. Hakuirudisha. Hilo ndilo nililolitaka. Ameingia, amekula chapati nne, hajanitupia hata jicho.

7 Oktoba

Nimepiga magoti tena asubuhi na kikombe cha maji. Hakupokea. Alikula chapati zangu bila kusema kama ni mviringo au si mviringo. Heri angenitukana.

8 Oktoba

Hakupokea.

9 Oktoba

Hakupokea. Kipimo chake 210. Nimemchoma sindano mwenyewe, Muuguzi Amparo amenifundisha. Nimemwambia naye yote. Akasema, "Nilikuuliza, Rominka." Hakuongeza kitu.

10 Oktoba

Hakupokea. Lol amesema neno: "Chumvi." Nimempa.

11 Oktoba

Mvua imekatika. Mahindi yamekauka kwenye mabua, Lol ameanza kuyapinda shingo ili maji yasiingie kwenye magunzi.

Nilipoingia Mama alikuwa ameketi, amejifunga shali, kisiki cha mguu kimenyooshwa juu ya mto. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimezoea kushindwa kiasi kwamba sikuinua kichwa.

"Utakuja hivi mpaka lini?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Magoti yako hayaumi?"

"Yanauma."

"Angalau wewe unayo mawili na yanauma." Nje Lol alikuwa anapinda mahindi, kila bua lililia mara moja. "Ulipokuwa unanipa, nilikuwa nakuita binti. Nimekuwa nikilifikiria hilo kitandani hapa. Kumbe ningekuita hivyo tangu zamani, bila kikombe, mguu wangu ungekuwepo?"

Nililia, na si kilio cha adabu.

"Acha kunidondoshea humo kwenye maji," akasema. "Lete."

Alipokea kikombe. Alisema "Napokea" kama inavyotakiwa, na mimi nikasema "Pokea, Mama," sauti ikanikwama. Akanywa funda moja. Akakunja uso.

"Hayana ladha."

"Ndiyo, Mama."

Alinirudishia kikombe kikiwa bado kimejaa karibu chote.

"Mguu mzima hausamehewi kwa funda moja," akasema. "Kesho lete tena."

12 Oktoba

Nimepeleka.